Picha Isiyo na Maji

Kisangani, 4 Novemba 2023

Tonton Ignace,

Filamu ya kwanza imo ndani ya kopo hili. Nimelizungushia kitambaa mara tatu, na Papa Hilaire ameahidi kuliweka mbali na injini ya mashua yake na kukukabidhi mwenyewe mkononi pale beach, bandarini Yangambi. Nakuandikia kwa sababu simu yako haipatikani kamwe, na pia, nikisema kweli, kwa sababu kwenye simu mimi hunyamaza. Papa, ndugu yako, anasema nikishika simu, mtu wa upande wa pili anadhani mtandao umekatika.

Kamera uliyoniachia naipenda, lakini inanitesa. Ndani ya kile kidirisha naona sura mbili za mtu mmoja. Nazungusha pete ya lenzi ili ziungane, na zikikaribia kuungana mtu amekwisha kucheka, au kupiga chafya, au kuniuliza kama nimelala. Halafu hii lenzi yako ya milimita 75 inataka nisimame karibu, mita moja tu, mbele ya macho ya mtu. Wewe unanijua, siwezi hata kumwomba mtu anipishe mlangoni. Picha kumi na mbili za kwanza ni za Maman akichambua majani ya sombe, kwa sababu yeye haniulizi kitu.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi. Rafiki yangu wa darasani, Élise, ni mjukuu wa mvuvi wa Wagenia anayeitwa Koko Michel. Tangu ujana wake babu huyu anapanda juu ya miti iliyosimikwa katikati ya maporomoko, anateremsha mitego, anaivuta. Sasa magoti yamechoka. Jumamosi tarehe 23 Desemba atamkabidhi mwanawe Bavon nafasi yake mtoni, na katika familia yao mtu akishakabidhi hapandi tena miti ile, hata kwa mchezo. Hana picha yake hata moja. Wageni wamempiga nyingi, wakaondoka nazo. Élise aliniomba nimpige kabla ya siku hiyo, nami nikasema ndiyo, sijui kwa kinywa gani.

Picha za mwisho za filamu hii ni zake. Alikaa ukingoni juu ya mtumbwi uliopinduliwa, na yeye alikuwa mtulivu kuliko mimi.

Niambie kama zimetoka.

Mtoto wako,
Kahambu


Yangambi, 14 Novemba 2023

Kahambu mwanangu,

Filamu imefika. Inanuka samaki wa kukaushwa, lakini haikuingia mwanga. Nimeiosha katika chumba cha nyuma, huku mke wangu, tantine yako Annette, akilalamika kwamba nimemnyang'anya beseni lake la kufulia.

Tuanze na mabaya. Picha nane za mama yako zina sikio safi sana, sikio ambalo naweza kulihesabia vinyweleo. Jicho limo ndani ya ukungu. Ukifungua lenzi hadi namba 1.4 na kusimama mita moja, unapata unene wa kidole gumba tu ulio mkali, mbele na nyuma yake ni ukungu. Ukishaunganisha zile sura mbili, halafu ukapumua, umehama tayari. Donc, unganisha kwenye jicho lililo karibu nawe, shika pumzi, bonyeza.

Wala usiifunge lenzi kwa kuogopa. Najua vijana hupenda kuona kila kitu. Kilicho nyuma ya mtu ni mwizi, kinauibia uso. Fungua hadi mwisho, na kilicho nyuma kitayeyuka kama sukari. Miaka ishirini na mitatu nafanya hivyo, na hakuna mtu aliyewahi kunirudishia picha.

Sasa mazuri. Picha ya thelathini na moja. Jicho la kushoto la Michel, mikunjo yake, ndevu fupi nyeupe mojamoja, na nyuma yake hakuna kitu, ni weupe laini kama maziwa. Nimekaa mbele yake mpaka chakula kikapoa. Hiyo si kazi ya mtoto, Kahambu. Nakutumia nakala ndogo. Mpelekee, halafu uniandikie alichosema, neno kwa neno.

Tonton Ignace


Kisangani, 25 Novemba 2023

Tonton Ignace,

Asante kwa nakala. Nilimpelekea Koko Michel Jumapili baada ya misa. Alifurahi. Aliishika muda mrefu.

Hapa mvua inanyesha karibu kila alasiri. Papa amepokea mzigo mkubwa wa vitenge kutoka Butembo na wote tunapanga dukani. Shuleni, kwenye fizikia, tumefika kwenye lenzi. Mwalimu aliuliza kwa nini mwanga hupinda, nami nilijua, lakini sikunyoosha mkono. Mwingine alijibu vibaya nikaona aibu kama vile nimekosea mimi.

Filamu ya pili imo ndani ya kamera na imebaki na picha nne tu. Swali dogo: ile namba 16 kwenye lenzi ni ya kazi gani hasa?

Kahambu


Yangambi, 1 Desemba 2023

Kahambu,

Barua fupi namna hii, na mimi nilikuambia neno kwa neno! Haidhuru. "Alifurahi, aliishika muda mrefu." Nimemsomea Annette mara mbili. Wewe hujui inavyokuwa kukaa huku, kuosha picha za vipaimara na za kadi za kazi, halafu siku moja ukasikia kwamba mzee wa Wagenia ameshika uso wake mwenyewe muda mrefu.

Nimefanya jambo. Nilikuwa na karatasi moja kubwa, ya mwisho, niliyoiweka miaka mingi bila kujua naiwekea nini. Jana nimechapa juu yake picha yako ya thelathini na moja. Seremala jirani anaitengenezea fremu ya mbao nyekundu na kioo. Itapanda kwenye mashua ya Hilaire kabla ya tarehe 15. Siku ya kukabidhi, watu wote wakiwa wamekusanyika, Michel atapewa. Mimi mwenyewe nitajitahidi nije nisimame karibu nawe, maana nakujua, utajificha nyuma ya Élise.

Namba 16? Ni ya kufunga lenzi hadi mwisho, ya watu wanaopiga majengo. Isahau.

Tonton Ignace


Kisangani, 6 Desemba 2023

Tonton,

Nimekudanganya. Nimeandika sentensi hii kwanza ili nisiweze kuanza na habari za mvua.

Koko Michel hakufurahi. Ni kweli aliishika picha muda mrefu, lakini alikuwa anatafuta. Aliigeuza akatazama mgongo wake, akaipeleka mlangoni penye mwanga. Halafu aliniuliza, akiniita kwa kabila letu lakini si kwa hasira, "Mutoto ya Banande, mayi iko wapi?"

Nikamweleza habari za lenzi. Nilisema kilicho nyuma huyeyuka ili uso uonekane vizuri. Akanijibu kwamba uso wake anaujua, anaunyoa kila Jumamosi. Bavon alichungulia begani mwake akasema, "Papa, ni photo ya carte d'électeur, ile ya kupigia kura." Wote walicheka, hata Élise. Koko Michel peke yake hakucheka. Aliweka kidole juu ya ule weupe.

"Hapa kulikuwa miti tatu ya kwetu," alisema. "Umeitoa yote. Huyu mutu haina fasi. Anaweza kuwa mutu ya Kinshasa."

Njiani Élise alinieleza. Kule Wagenia kila familia ina fasi yake kwenye maporomoko, mahali pake pa kusimika miti, na mahali hapo hurithiwa. Mtu hutambulishwa kwa mahali pake kabla ya kutajwa jina. Wakitaka kusema kwamba fulani ameharibikiwa na maisha kabisa, husema hana fasi. Basi mimi nimemwonyesha mzee mtu asiye na fasi, mwezi mmoja kabla hajaitoa fasi yake, nikamwambia ni yeye. Nilitaka kukuandikia hivyo siku ileile. Nikakumbuka kwamba hakuna aliyewahi kukurudishia picha, na kalamu ikaandika "alifurahi".

Tafadhali, fremu isitolewe mbele ya watu. Zile picha nne bado zimo ndani ya kamera, na sijui nitapata wapi filamu nyingine. Nataka kumpiga Koko Michel tena kabla ya tarehe 23, juu ya miti yake, pamoja na maji yote. Baada ya siku hiyo haitawezekana tena. Lakini umesema nisiifunge lenzi. Sitaki kukuasi kwa siri. Kukudanganya mara moja kunatosha.

Kahambu


Yangambi, 11 Desemba 2023

Kahambu,

Fremu imekwisha kupakiwa kwa Hilaire. Fanya nayo upendavyo. Lenzi iko mikononi mwako, haiko kwangu. Mimi sitakuja Kisangani, kuna kazi shambani.

Ignace

12 Desemba.

Pampu ya mashua imeharibika, Hilaire hajaondoka, na barua imerudi mezani kwangu. Annette ameisoma. Ameniuliza kama nimemwandikia mtoto wa ndugu yangu au nimeandika karatasi ya polisi. Basi naendelea.

Lenzi hii niliachiwa na padri mmoja aliyerudi kwao mwaka 1999. Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, majeshi mawili ya kigeni yalipigana ndani ya mji wetu wa Kisangani siku sita. Wewe umeyasoma hayo shuleni, nadhani yalichukua nusu ukurasa. Mimi nilikuwa chini ya kitanda. Tulipotoka, mama mmoja wa mtaa wa Tshopo alinitafuta. Alikuwa na watoto wawili, alitaka picha ya kumpelekea mumewe aliyekuwa Bunia, ajue kwamba wako hai. Nilikwenda kiwanjani kwake. Ukuta ulikuwa umebaki mmoja tu, umejaa matundu. Nikawasimamisha mbele yake kwa kuwa hapakuwa na pengine. Mama yule aligeuka akautazama, halafu akaniuliza, "Unaweza kupiga siye bila nyumba?"

Nilifungua lenzi yote. Nilipoosha ile filamu, ukuta ulikuwa umegeuka pazia. Ungedhani wamesimama studio. Mama alilia, kisha akaniletea jirani yake, na jirani akamleta mwingine. Miezi mingi nilipiga watu bila nyumba zao. Nikaamini kwamba hiyo ndiyo heshima, kumtoa mtu mahali alipo. Haikunijia hata siku moja kwamba yupo anayependa kilicho nyuma yake. Ungeniambia mapema ningekasirika vilevile, lakini karatasi ingebaki.

Sasa sikiliza. Kwa lenzi ya 75, ukitaka mtu mzima na miti yake, rudi nyuma mita kumi na tano. Ukingoni hapakufai, itabidi upande mtumbwi. Funga lenzi hadi namba 11, ili miti na maji vionekane. Weka pete kwenye mita kumi na tano na uiache hapo, usihangaike na zile sura mbili, mtumbwi hautakupa muda. Kasi ya kamera isipungue 250, picha isitikisike. Enda saa tatu asubuhi, jua likiwa mgongoni kwako. Usimwambie akutazame.

Na wapiga kasia lazima wasimame unapobonyeza. Watakutania. Waambie tena.

Tonton Ignace


Kisangani, 24 Desemba 2023

Tonton,

Barua yako ilifika tarehe 20 pamoja na fremu. Nimeisoma mara nyingi. Ile habari ya mama wa Tshopo nimeirudia kuliko zote, na sasa nakusimulia kilichotokea.

Ijumaa tulitoka saa tatu. Bavon na binamu zake wawili walinipakia kwenye mtumbwi. Nilikaa katikati nikishika kamera kama mtoto mchanga. Bavon aliniambia, "Mamzeli, ukianguka tutaokoa kamera kwanza, yenyewe iko na kazi." Binamu mmoja akauliza kama Banande huzama au huelea kama magunia yao ya maharagwe. Nilitaka kujibu kitu cha kuchekesha nikakipata jioni, nyumbani.

Koko Michel alikuwa juu ya miti peke yake. Kwa karibu maji yale si sauti, ni kama ukuta. Tulipofika umbali niliokadiria kuwa mita kumi na tano, nikasema wasimame. Hakuna aliyesikia. Nikasema tena. Nikabonyeza hivyohivyo, mtumbwi ukazunguka, nadhani nimepiga mgongo wa Bavon. Ya pili sijui nimepiga nini. Zikabaki mbili.

Ndipo nikapiga kelele. "Simameni!" Sikujua kwamba sauti hiyo imo ndani yangu. Bavon alinitazama kana kwamba kuna mtu mwingine amepanda mtumbwini, akachomeka upondo kati ya mawe, wakatulia wote. Koko Michel naye aligeuza kichwa, akaona ni sisi, akarudi kwenye mtego wake. Nilibonyeza mara moja, na mara nyingine alipokuwa amekunja goti moja juu ya mti wa katikati, kamba mkononi, mtego nusu majini. Kisha filamu ikaisha.

Jana amekabidhi. Hakukuwa na hotuba. Alishuka, akampa Bavon kamba, akashika mti wa kwanza kwa kiganja kama mtu anayepima homa, akatembea hadi ukingoni. Nilikuwa nimesimama mbele, si nyuma ya Élise. Niliwatazama watu wanaoshuka kutoka mjini, nikidhani labda utakuja.

Fremu sikuitoa. Iko nyumbani kwa babu yake Élise, imefungwa kwa gazeti, imeegeshwa ukutani. Koko Ursule, mke wa Koko Michel, aliniuliza ni nini. Nilimwambia ni kosa langu, nitakuja kulichukua.

Filamu imo humu. Kama zote zimeharibika, usiniandikie kwa upole. Niambie tu.

Kahambu


Yangambi, 8 Januari 2024

Kahambu,

Kati ya zile nne, ya kwanza ni mgongo mpana wa mwanaume. Ya pili ni mkono na mawingu. Ya tatu imetikisika.

Ya nne imetoka.

Uso wake ni mdogo kama punje ya mchele, naweza kuufunika kwa ncha ya penseli. Kwa mazoea nilichukua kioo cha kukuzia nikaanza kutafuta jicho. Nikaacha. Hakuna haja. Yule mtu anatambulika kwa goti lake, kwa namna anavyolibembeleza juu ya mti huku kazi ikiendelea. Na maji, Kahambu, maji yamejaa kila upande, na yeye yumo katikati kama msumari unaoyashikilia yasiondoke. Nilisema kilicho nyuma ni mwizi. Naandika hapa kwamba nilikosea, uihifadhi barua.

Nimeichapa mara mbili kwenye karatasi ndogo, ndiyo iliyobaki. Moja ni ya Michel. Nyingine nimeibandika hapa juu ya beseni la Annette.

Ile fremu ichukue. Toa picha yangu, kioo na mbao zitakufaa. Picha yenyewe usiniletee, sitaki kuiona.

Tonton Ignace


Kisangani, 21 Januari 2024

Tonton Ignace,

Neno kwa neno, kama ulivyotaka mara ya kwanza.

Koko Michel aliichukua picha akaenda nayo mlangoni. Hakujitafuta. Aliweka kidole kwenye mti wa kushoto akasema huo alisimika baba yake. Wa pili alisimika kaka yake mkubwa, umepinda kwa sababu kaka hakutaka kushauriwa. Wa tatu aliusimika yeye, mwaka aliozaliwa Bavon. Alipita hivyo mti kwa mti, watoto wamemzunguka, Bavon anasahihishwa majina. Mwishoni kidole kikafika katikati. Akatazama, akaniuliza, "Na huyu muzee, aliiba goti yangu wapi?" Nilicheka kwa sauti, mbele ya watu. Ameitundika karibu na mlango, na kila anayeingia lazima ahesabu miti kwanza.

Kisha nikasema nimekuja kuchukua fremu. Haikuwapo pale nilipoiegesha. Élise akatazama chini. Koko Ursule akanishika mkono, akanipeleka chumbani.

Siku ya Noeli, wote walipokwenda mtoni kumtazama Bavon akivuta kwa mara ya kwanza, yeye alibaki akalifungua lile gazeti. Picha yako kubwa imetundikwa ukutani upande anaolala yeye. Msumari ameupiga mwenyewe na umepinda kidogo. Nikaona haya. Nikamwomba radhi, nikamwambia hiyo ndiyo aliyoikataa Koko Michel, imekosewa, nimekuja kuitoa.

Hakunipisha. Alisimama kati yangu na ukuta, mwanamke mfupi kuliko mimi.

"Miaka makumi ine mayi inamubeba asubuhi," alisema, "inanirudishia ye mangaribi, amechoka, akili iko kule. Hata akilala anavuta kamba. Hapa mayi haiko. Huyu ni wangu."

Sikuitoa.

Mtoto wako,
Kahambu